Denali, Coldfoot au Kotzebue kwa watoto? Nataka kukata tiketi wiki hii

Mama_Wawili: Habarini wadau. Tuko Anchorage, Alaska. Nataka wanangu waachane na simu kidogo, wajifunze wanyama na mila za wenyeji wa Aktiki kwenye hifadhi. Nimebakiwa na machaguo matatu: hifadhi ya Denali, kituo cha Coldfoot kwenye barabara ya Dalton, au ndege hadi mji wa Kotzebue. Nauli inapanda kila nikichungulia. Niende wapi?

Fundi_Fairbanks: Dada, watoto wana miaka mingapi? Mwezi gani? Gari lenu au la kukodi? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli tu.

MzeeWaKigoma: Denali, funga mjadala. Watoto wanapewa bure kijitabu cha Junior Ranger, yaani mhifadhi mdogo: wanachora nyayo, wanatafuta mimea, wanamhoji mhifadhi. Wakimaliza wanakula kiapo mkono juu na kupewa beji. Wangu anaivaa mpaka kanisani! Halafu kuna mbwa wa kuvuta sleji. Hifadhi inawafuga tangu 1922, na majira ya baridi ndio wanaowapeleka wahifadhi doria. Basi la ndani, wenye miaka 15 kushuka chini hawalipi.

Pwani_Baridi: Mzee wangu, Denali si Aktiki. Mstari wa Aktiki wenyewe unaukuta maili ya 115 ya barabara ya Dalton, huko juu ya Fairbanks. Tena basi linaishia maili ya 43. Kipande cha mbele kimefungwa tangu Agosti 2021, mlima unaporomoka.

MzeeWaKigoma: Mtoto haoni mstari. Anaona dubu.

Fundi_Fairbanks: Na hilo poromoko ni somo tosha. Barafu iliyomo ndani ya ardhi inayeyuka, mlima unateleza. Darasani mtoto anakaririshwa, pale anaonyeshwa kwa kidole.

Binti_Goma: Mama, ukisikia Coldfoot, uliza kwanza gari. Sisi tulikodi Fairbanks, kijana wa kaunta akatuambia Dalton hakuna shida. Vipande virefu vya njia ni kokoto, na malori ya kwenda visima vya mafuta hayapunguzi mwendo. Jiwe la kwanza likapasua kioo. Mbele kidogo tairi likaisha upepo, na la akiba ni lile jembamba kama la baiskeli. Mume wangu anabadilisha, mimi napepea mbu kwa kofia, watoto wamefungiwa ndani wanalia njaa. Tulipofika, kituo cha wageni kilikuwa kizuri kweli, mhifadhi akawapa watoto manyoya ya mbwa mwitu wayashike. Lakini walishachoka, mdogo alilala juu ya benchi. Kurudisha gari, kijana yule hayupo, na mkataba umeandikwa wazi: Dalton marufuku. Kioo tulilipa sisi.

Pwani_Baridi: Pole sana. Mafuta nayo: ukipita Mto Yukon, sheli inayofuata ni Coldfoot.

Mwalimu_Zuhura: Mbona mila mmezisahau? Kotzebue ni mji wa Wainupiati, wenyeji wa Aktiki wenyewe. Kituo cha urithi pale ndicho kinachohudumia hifadhi za Kobuk Valley, Noatak na Cape Krusenstern. Kobuk kuna matuta ya mchanga juu ya mstari wa Aktiki, mtoto hataamini. Na kuna kivuko cha Onion Portage, ambapo watu wamewinda kulungu aktiki (caribou) wanapovuka mto kwa miaka elfu kadhaa, na bado wanawinda. Ila ndani ya hifadhi hakuna barabara. Ni ndege ndogo, na mfuko lazima uwe mzito.

MzeeWaKigoma: Kwa hiyo alipe nauli ya watu wanne akaangalie mchanga.

Mwalimu_Zuhura: Na wewe unalipa kuangalia mbwa.

Mama_Wawili: Jamani taratibu 😂 Wana miaka 5 na 11. Ni Agosti. Gari letu ni saluni. Nilisahau: mama mkwe anakuja kutoka Bukoba, magoti yanamsumbua.

Fundi_Fairbanks: Sasa ndiyo unasema! Saluni na Dalton, sahau. Mama mkwe na ndege ndogo, sijui. Njooni Fairbanks: kituo cha wageni cha Morris Thompson hakina kiingilio, kinaeleza maisha ya wenyeji, na chuo kikuu kina maksai aktiki (musk ox), wale wa manyoya marefu, bibi atawaona bila kupanda mlima.

Pwani_Baridi: Hao ni wa kufugwa. Hapo hifadhi iko wapi?

Binti_Goma: Agosti mbu wanapungua, na Denali matunda pori yameiva. Bibi atachuma na wajukuu.

MzeeWaKigoma: Nilisema Denali.

Mama_Wawili: Mwalimu, Kotzebue kuna pa kulala penye jiko? Bibi hali chakula cha hotelini.

Binti_Goma: Beba unga kabisa. Tena, Anchorage siku hizi mnanunua wapi sembe? Duka letu limefungwa.