Naomba ushauri: kuandika hip hop inayogusa familia yangu

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninaandika mistari ya hip hop kwa Kiswahili, na msanii ninayemstahi kuliko wote ni Little Simz wa London, binti wa wazazi wenye asili ya Nigeria, ambaye kwa miaka mingi alitoa kazi kupitia lebo yake mwenyewe kabla ya tuzo za muziki za Uingereza, BRIT, kumtambua mwaka 2022 kuwa msanii bora chipukizi, na albamu yake ya 2021, Sometimes I Might Be Introvert, kushinda Tuzo ya Mercury, ya albamu bora ya mwaka ya Uingereza na Ayalandi, mwaka huohuo wa 2022. Kinachonigusa zaidi ni ujasiri wake wa kujichunguza. Katika I Love You, I Hate You anamzungumzia baba asiyekuwapo, upendo na hasira vikikaa pamoja tangu kwenye jina lenyewe la wimbo.

Nami nimeandika wimbo wa namna hiyo. Mama yangu ni mtu wa staha, na kwetu mambo ya ndani hayatolewi barazani, lakini nikiyaficha mistari inakauka kabisa. Je, nimsomee kabla ya kuingia studio, au niondoe yale yanayotutambulisha? Mliowahi kurekodi jambo kama hili, naomba mnieleze mlivyozungumza na wazazi wenu.