Tupeane uzoefu: ukila nyama au ukila maharage na mboga za majani, mwili unakujibuje baadaye?

Wakuu habari zenu. Sitaki ubishi wa nani ataishi miaka mingi, huo tushaupiga sana. Nataka kitu kimoja tu, ukishanyanyuka mezani, lile lisaa la kwanza mpaka la nne hivi, unajisikiaje?

Nianze mimi. Nilikuwa mtu wa nyama mchana na usiku, na kila ikifika saa nane mchana kazini kichwa kinadondoka kwenye meza, nikawa nailaumu nyama. Mwezi uliopita nikahamia maharage, dengu na mboga za majani. Wiki ya kwanza aisee tumbo lilijaa kama ngoma, kila nusu saa natoka nje najifanya napokea simu. Na usingizi wa saa nane uko palepale! Ndo nikashtuka kwamba nilichobadilisha ni mboga tu, ule mlima wa wali haujaguswa. Nikapunguza wali nusu, usingizi ukapungua. Haya leteni zenu.

---

Hahaha hizo simu za kujifanya 😂 Mkuu, maharage yana sukari fulani ambazo binadamu hatuna kimeng'enya cha kuzivunja, zinapita utumbo mdogo nzimanzima zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachusha, gesi inaanzia hapo. Loweka usiku kucha, maji mwaga, chemsha na mengine. Na anza kidogokidogo, mimi tumbo lilizoea baada ya kama wiki tatu.

---

Kwangu mbaya ni nyama ya mafuta usiku. Nikila saa mbili, saa nne nipo kitandani kiungulia kimepanda mpaka kooni. Daktari akaniambia mafuta yanachelewesha tumbo kumwaga chakula kwenda chini, kwahiyo nalala bado limejaa. Sijaacha nyama, nimehamishia mchana tu basi.

---

Hivi kuna mwingine anatoka jasho akila nyama nyingi? Mimi mgongo wote unalowa, mke wangu ananicheka.

---

^^ Protini ni kazi kuisaga, karibu asilimia 20 mpaka 30 ya nishati yake inaliwa na hiyo kazi yenyewe, wakati wanga ni kama 5 mpaka 10 na mafuta ni kidogo sana, kwahiyo joto lazima lipande kiasi. Ila jasho la kulowanisha mgongo wote mimi ningeulizia na pilipili, na ukubwa wa sahani bosi.

---

Samahani mleta mada, hayo masaa manne yako hayaonyeshi kila kitu. Mimi dada yenu nina miaka sita sigusi nyama, mayai wala maziwa. Baada ya kula niko mwepesi, na choo hakinisumbui tena maana nyama haina nyuzinyuzi hata chembe. Nikawa natamba. Mwaka wa nne ikaanza ganzi miguuni, nachoka hata kupanda ngazi, kwenda kupima vitamini B12 iko chini kabisa. Mimea haikupi hiyo kitu, na ini linatunza akiba ya miaka kadhaa ndo maana hushtuki mapema. Sasa hivi nameza vidonge. Na damu pia ilikuwa imeshuka, kumbe nilikuwa nashushia chakula na chai kila siku na chai inazuia madini ya chuma ya kwenye mimea yasifyonzwe vizuri. Chai nimeisogeza mbali na mlo, kwenye mboga nakamulia limao.

---

Mimi mwili haujibu baada ya masaa manne, unajibu usiku wa manane. Kidole gumba cha mguu. Wenye gauti, ule ugonjwa wa maungio kuvimba na kuuma, mnanielewa. Maini nishayaaga, maharage hayajawahi kuniamsha hata siku moja.

---

Chipsi na soda navyo ni mimea jamani, mbona nikimaliza najisikia kama nimepigwa 😂😂

---

Mleta mada narudi. Dada asante, nimekaa chini kidogo hapo, mimi mayai naendelea nayo. Maharage nimeloweka tangu jana na maji nimemwaga, nimeshakula, na sasa hivi naingia kikao cha masaa mawili. Mrejesho jioni.

---

Kaa karibu na mlango mkuu.