Ruzuku ya kituo cha watoto Kisauni: Rotary, hisani ya kampuni, au tujichangishe wenyewe?

MamaMtopanga:
Assalaam aleikum, na habari zenu wanajukwaa. Kamati yetu inakaa Jumamosi kuamua andiko la mradi tulipeleke wapi. Mradi ni wa lugha na kusoma kwa watoto wadogo hapa Kisauni, Mombasa: hadithi, vitabu, na mafunzo ya walezi. Tumebakiwa na njia tatu. Ya kwanza ni ruzuku ya kimataifa ya Rotary, ule mtandao wa klabu za hisani, kupitia klabu moja ya mjini. Ya pili ni mfuko wa hisani wa kampuni. Ya tatu, harambee yetu wenyewe halafu tutafute wa kutuongezea shilingi kwa shilingi. Wenye kujua, ipi bora?

HesabuSafi:
Waaleikum salaam dada. Hujasema kitu bado. Mmesajiliwa kama nini? Watoto wangapi, umri gani? Mnaomba kiasi gani, na ndani yake mishahara ni sehemu gani? Nyumba ni yenu au mnapanga? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli tu.

KalamuNyeusi:
Na useme kama kuna madrasa katika jengo hilo hilo. Wafadhili wengine hawatoi kwa taasisi ya dini hata kama mradi ni wa vitabu vya hadithi. Heri mjue kabla ya kuandika kuliko baada ya kuhojiwa.

BabuFrere:
Mnajisumbua bure. Nendeni ofisi ya mbunge, CDF, mfuko wa maendeleo ya jimbo, inajenga madarasa kila pembe. Hela ya nyumbani haina maswali mengi.

HesabuSafi:
Babu, shikamoo, lakini hapo sivyo. Elimu ya chekechea na vituo vya kulea watoto ni kazi ya kaunti, imeandikwa katika Jedwali la Nne la Katiba. NG-CDF hugharamia kazi za serikali kuu: msingi, sekondari, usalama. Andiko la chekechea likifika pale linarudishwa, au linapitishwa kwa jina lingine, kisha mkaguzi anakuja kulikataa. Tena Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya mfuko huo inakwenda kinyume na Katiba, ikaupa hadi 30 Juni 2026. Si mahali pa kuegemeza mradi mpya.

BabuFrere:
Marahaba. Basi Mfuko wa Uwezo wa serikali.

HesabuSafi:
Uwezo ni mkopo, Babu. Utalipwa kwa kitu gani, kwa watoto kujua silabi?

MamaMtopanga:
Ahsanteni. Watoto ni 85, wa miaka 3 hadi 6. Walezi ni wanne. Tuna cheti cha kikundi cha kujisaidia, cha zamani kidogo. Tunahitaji kama milioni moja na nusu kwa mwaka. Madrasa ipo, lakini ni jioni, na chumba ni kingine.

PwaniRuzuku:
Sasa tunaweza kuongea. Ya Rotary kwa hesabu hiyo imejifunga yenyewe. Bajeti ya ruzuku ya kimataifa haishuki chini ya dola 30,000, na dola ikiwa 129 hiyo ni karibu milioni 3.9. Nyinyi mnataka milioni moja na nusu. Zaidi ya hapo lazima ziwe klabu mbili, ya hapa na ya nchi nyingine, na tathmini ya mahitaji ya jamii ifanywe kabla ya ombi, si baada. Pesa haziingii kwenye akaunti yenu. Zinakaa kwenye akaunti ya klabu, watia sahihi ni wanachama wao, nyinyi mnabaki washirika wenye hati ya makubaliano. Hawalipi mishahara ya kudumu ya shirika jingine. Kununua vitabu peke yake pia hakukubaliwi, lazima kuwe na mafunzo ya walimu. Stakabadhi zinatunzwa angalau miaka mitano.

Uzuri wake: ombi linapokewa wakati wowote wa mwaka, na klabu ya hapa ikiwa hai inawashika mkono hadi mwisho. Vituo vitatu au vinne vya Kisauni vikiungana, hesabu inafika. Peke yenu, iulizeni klabu kuhusu ruzuku ya wilaya ya Rotary, ni ndogo na masharti yake mepesi.

KalamuNyeusi:
Kuungana ni rahisi kusema. Nani atakuwa mkubwa? Vituo vinne, wenyeviti wanne.

HesabuSafi:
Dada, cheti. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ni ya 2022. Kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, katiba, na viongozi waliochaguliwa. Kama cheti chenu ni cha kabla ya hapo, pitieni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo kabla ya Jumamosi mhakikishe mmo kwenye daftari jipya. Jina kwenye cheti, kwenye akaunti ya benki na kwenye PIN ya KRA, mamlaka ya mapato, liwe moja, herufi kwa herufi. Cheti kikisema "Mtopanga Watoto Kwanza" na benki iwe na "Watoto Kwanza Mtopanga", hapo mfadhili anasimama. Na hujajibu la mishahara.

MleziMtongwe:
Ya kampuni nayo ijulikane ilivyo. Nyingi hazikupi pesa mkononi, zinamlipa muuzaji. Unaorodhesha viti, mikeka, rafu na vitabu, wao wanaagiza, unapokea mzigo na kupiga picha wakizindua. Kama shida yenu ni vitu, nzuri sana. Kama shida ni walezi kukaa zaidi ya muhula mmoja bila posho, rafu mpya hazitawaweka. Mimi ningeenda na harambee na wakfu. Mpango wa Madrasa wa Aga Khan Foundation ulianza hapa hapa Mombasa miaka ya 1980, na vituo vile vilisimama kwa sababu wazazi walitoa kwanza, kisha kikawekwa kiasi cha pamoja kuwekezwa ili faida isaidie kituo. Tume ya Wakfu pia makao yake yako mjini hapa. Mtu mwenye duka moja la kupangisha akaliweka wakfu kwa posho ya walezi, hilo linazidi ruzuku ya mwaka mmoja.

BabuFrere:
Duka la nani hilo, mwanangu? Tutajie.

PwaniRuzuku:
Kabla hamjapenda sana hela ya nje, yaliyokipata kikundi kimoja upande wa Likoni yanafaa kujulikana, maana makosa yake yanarudiwa kila mwaka. Walipata ruzuku ya dola 20,000 kutoka kwa mfadhili wa ng'ambo. Mkataba ulikuwa wa awamu: asilimia 40 mwanzo, 40 baada ya ripoti, 20 mwisho kwa kurudishiwa walichotumia. Bajeti iliandikwa kwa shilingi, dola ikihesabiwa 160. Awamu ya pili ilifika mwisho wa Machi 2024. Mnakumbuka shilingi ilivyopanda baada ya Februari ule: dola ilikuwa kwenye 131. Dola 8,000 zilizohesabiwa kuwa 1,280,000 zikawa 1,048,000. Pengo la 232,000, na mkataba haukuwa na kifungu cha kubadilisha bajeti kwa sababu ya bei ya dola. Walezi wawili wakaondoka.

La pili ni upimaji. Awamu ile ilisubiri matokeo ya watoto 120. Kipimo cha mwanzo kilifanywa Septemba 2023, cha pili Machi 2024. Katikati ipo Januari, watoto wenye umri wamehamia PP1, darasa la kwanza la chekechea, shule nyingine. Walipopima tena, zaidi ya theluthi walikuwa watoto wapya. Tena ilikuwa Ramadhani, vituo vinafungwa mapema, watoto wamelala kuchelewa. Mfadhili akaona alama zimeshuka. Hazikushuka, walipimwa watoto wengine katika mwezi mwingine.

La tatu, ile asilimia 20 ya mwisho. Kurudishiwa maana yake utangulize zako. Hawakuwa nazo. Wakamkopa mchapishaji vitabu, naye akazuia mzigo hadi alipwe, na ripoti ya mwisho ikawa haina vitabu vya kuonyesha. Hela ile haikuja.

KalamuNyeusi:
Hapo nakuunga mkono. Mkataba wowote ombeni mambo matatu: bajeti ibadilishwe hadi asilimia 10 kati ya mistari yake bila ruhusa, awamu ya mwisho isiwe ya kurudishiwa, na vipimo vyote viwili viwe ndani ya mwaka mmoja wa masomo, mbali na Ramadhani. Na mkifanya upimaji kwa jina la utafiti, kuna kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na utafiti. Andikeni ni ufuatiliaji wa mradi kama kweli ndivyo ulivyo.

MleziMtongwe:
Mnapima kwa kitu gani? Wengi wanataka IDELA, kipimo cha Save the Children cha maendeleo ya watoto wadogo. Ni kati ya dakika 30 na 35 kwa mtoto mmoja mmoja. Wapimaji wawili, watoto sita kila mmoja kwa asubuhi, kwa 85 ni asubuhi nane bila watoro. Nauli na chai za siku hizo hazionekani kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Jingine, lugha ya mtoto. Mtoto wa Mji wa Kale anaonyeshwa picha anasema "mato", karatasi inataka "macho". Mpimaji aliyetoka bara anaweka sifuri. Andikeni kwenye mwongozo kabisa kuwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, kinapokewa, na mpimaji mmoja wa kila jozi awe mtu wa hapa.

BabuFrere:
Akubaliwe "mato" halafu akifika darasa la kwanza akose? Mfundisheni macho.

MleziMtongwe:
Babu, kipimo cha msamiati kinauliza kama anakijua kitu, si kama amekwenda shule. Kufundisha ni siku nyingine.

HesabuSafi:
Tumetoka njiani. Mafunzo ya walezi: mkufunzi mkimlipa 24,000 au zaidi kwa mwezi, mnakata kodi ya asilimia 5 na kuipeleka KRA ndani ya siku tano za kazi. Msipomwambia mapema atadai 30,000 kamili mkononi na zile 1,500 mtazitoa kwenye chai. Walezi wakiwa na mkataba wa ajira, hesabuni SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75, NSSF ya uzeeni, na makato ya nyumba 1.5 kwao na 1.5 kwenu. Mfadhili akiona "posho" ya kila mwezi kwa mtu yule yule mwaka mzima, anauliza kwa nini si mshahara.

KalamuNyeusi:
Kwenye vitabu okoeni pesa. African Storybook ina hadithi za Kiswahili zenye leseni huria, unachapa bila kumlipa mtu, sharti tu ukurasa wa majina ya mwandishi na mchoraji na leseni ubaki. Wachapishaji wa mjini wanapenda kuukata. Kijitabu cha kukunja na kubana katikati kurasa zake zigawanyike kwa nne: 12, 16, 20. Hadithi ya kurasa 14 inakuachia mbili tupu, wekeni maswali ya mzazi hapo. Ombeni sampuli moja kabla ya nakala 500.

MleziMtongwe:
Na pini! Kwa hewa hii ya chumvi pini zinashika kutu, karatasi inaanza kuchanika katikati. Afadhali mshono wa uzi. Jalada lililowekwa plastiki upande mmoja linajikunja. Plastiki pande mbili au karatasi nene tupu.

PwaniRuzuku:
Mshono wa uzi unaongeza bei, na watoto wa miaka 3 wanakitafuna kitabu kabla ya kutu haijafika. Pini zinatosha.

MleziMtongwe:
Zinatosha kwa nani? Pini ikilegea mtoto anaiweka mdomoni.

MamaMtopanga:
Ahsanteni sana, nimeyachapa yote kwa kamati. Nadhani Rotary tunaiacha mpaka tuzungumze na vituo vya jirani. Kwa mishahara, kusema kweli ni zaidi ya nusu ya ile milioni moja na nusu.

HesabuSafi:
Hilo ndilo ungeanza nalo, dada. Basi ya kampuni nayo imeondoka kwenye orodha, isipokuwa wakubali kutoa rafu na vitabu ili harambee yote iende kwa walezi. Wazazi wanachanga kiasi gani kwa mwezi sasa hivi?

BabuFrere:
Na huyo mwenye duka?