Antena juu ya paa, simu chini ya mto: nihofie kipi?

Mama wa Umoja: Hamjambo wenzangu. Tunaishi ghorofa ya juu kabisa, na mwezi uliopita mwenye nyumba aliruhusu antena za simu zisimikwe kwenye paa, juu ya chumba anacholala binti yangu wa miaka 12. Majirani wanasema sote tutapata saratani, na mume wangu anataka tuhame, ingawa karo imetumaliza. Nifanyeje? Binti pia hulala na simu chini ya mto ikiwa kwenye chaja, lakini hilo naona ni dogo.

Fundi wa Luthuli: Dada, hilo dogo ndilo ningeanza nalo. Betri zilizovimba naletewa kila mara, kwani simu inayochajiwa hutoa joto, na mto hulizuia lisitoke. Iondoe kitandani leo.

Mhandisi Mstaafu: Fundi amesema kweli. Antena hizo hurusha mawimbi mbele, mfano wa tochi iliyoinamishwa kidogo, kwa hiyo chumba kilicho chini yake hupata machache, na zege la paa huyapunguza zaidi. Tena ukienda mbali maradufu, nguvu yake hubaki robo. Ndiyo sababu simu iliyogusa sikio, japo ni dhaifu mno kuliko mnara, humfikia mtu zaidi. Mtandao ukiwa hafifu, kama ndani ya lifti, simu hujikaza na kurusha kwa nguvu zaidi. Binti atumie spika au vipokea sauti vya masikioni.

Mama wa Umoja: Asante, mzee wangu. Lakini mbona inasemekana Shirika la Afya Duniani lenyewe limekiri kwamba mawimbi haya huleta saratani?

Mhandisi Mstaafu: Mwaka 2011 taasisi yake ya utafiti wa saratani iliyaweka katika kundi la 2B, maana yake ni kwamba huenda yakaleta saratani, ila ushahidi haujatosha, kundi hilohilo lina hata achari za mboga za kienyeji za Asia. Mapitio ya tafiti yaliyoagizwa na shirika hilo na kutolewa mwaka 2024 hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Mawimbi ya simu hayana uwezo wa kuvunja chembe za urithi kama eksirei. Athari yake iliyothibitishwa ni kupasha mwili joto, na simu huwekewa kikomo kwa ajili hiyo, ambacho Ulaya ni wati 2 kwa kila kilo ya mwili, kichwani na kiwiliwilini. Mimi nisingehama. Ningeuliza kama mradi ulipata idhini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kisha ningehakikisha hakuna anayesimama mbele ya antena, karibu nayo, kwa maana hapo ndipo penye hatari ya kweli. Je, paa hilo hufungwa?

Mama wa Umoja: Halifungwi. Ndipo tunapoanika nguo, na kamba moja imefungwa kwenye nguzo ya antena. Naenda kuifungua sasa hivi, kisha nimtafute mwenye nyumba.