Mafundi, mnatengeneza magari au mnapiga ramli?

Wakuu, hili limenifika kooni. Mtu analeta gari, anasema usukani unatetemeka akikanyaga breki. Fundi hajainua hata tairi moja, tayari kashamwandikia: diski mbili za breki, pedi zake, boljointi (kiungo kinachoruhusu gurudumu kugeuka), shokapu. Umepima nini?

Uliza kwanza: linatetemeka kwenye breki tu, au hata bila breki likikolea mwendo? Kama ni hata bila breki, anza na balansi na matairi. Kama ni kwenye breki tu, angalia diski, ila huo wimbo wenu wa "diski imepinda" uacheni. Mara nyingi haijapinda. Imelika, unene haulingani, na chanzo ni uvivu wa mtu aliyepachika diski mpya juu ya habu (kitovu cha gurudumu) yenye kutu. Kipele cha kutu hapo katikati kinatosha kuifanya diski iyumbe. Siku ya kwanza gari ni laini, mteja anashukuru. Lakini kila mzunguko diski inajikwaruza kwenye pedi palepale, hata mguu ukiwa mbali na pedali, na baada ya kilomita elfu kadhaa mtetemo umerudi. Na fundi yuleyule anauza diski nyingine!

Brashi ya waya, dakika tano, habu ibaki chuma kitupu. Bana diski kwa nati zote, weka saa ya kupimia myumbo karibu na ukingo, zungusha. Magari mengi hayataki myumbo uzidi milimita 0.05 hadi 0.1. Unene wa chini kabisa unaoruhusiwa nao umeandikwa kwenye diski yenyewe, someni basi.

Gari likivuta upande mmoja kwenye breki, msikimbilie alaimenti. Chomoa pedi. Ya ndani imeisha na ya nje bado nene? Pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zimekwama. Zisafishwe, zipakwe grisi yake maalumu, maana grisi ya kawaida huvimbisha mipira. Gurudumu moja linachemka na halizunguki? Inua, legeza skrubu ya kutolea upepo wa breki. Likiachia papo hapo, pistoni haina kosa: presha imenaswa, na mara nyingi ni hozi (mpira unaopitisha mafuta ya breki) imevimba kwa ndani. Lisipoachia, ndipo umlaumu kalipa.

Huku chini ndiko kuna vituko zaidi. Kokoko kwenye vijishimo vidogo, mtu anabadilisha shokapu wakati linki ya stabilaiza (kifimbo cha ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) haijaguswa. Boljointi mnaipima jeki ikiwa mahali pabaya: kama springi imekalia amu ya chini (mkono unaoshika gurudumu), jeki iwekwe chini ya amu hiyo, la sivyo springi inaibana jointi na ulegevu hauonekani. Kama springi iko kwenye shokapu, tairi lining'inie. Tikisa tairi juu na chini, mwenzako akanyage breki. Ulegevu ukipotea ni beringi, ukibaki ni jointi. Ukitikisa kushoto na kulia, unatafuta ulegevu wa tairodi endi, kiungo cha mwisho wa fimbo ya usukani.

Kinachonikera kuliko vyote ni bushi za amu, ile mipira ya kwenye maungio yake. Boliti inakazwa mpaka mwisho tairi zikiwa hewani. Gari likishushwa, amu inapanda, mpira unajinyonga, na unaishi umejinyonga hivyo kila siku mpaka unachanika. Boliti hizo hukazwa za mwisho, gari likiwa limekaa kwa uzito wake. Halafu mnamwambia mteja bushi za siku hizi ni feki.