Baba anataka kutupatia nyumba, mchumba wangu hataki. Nisimame wapi?

Habari zenu wakuu. Nimezaliwa familia yenye uwezo. Mchumba wangu ni fundi seremala, kwao hali ni ngumu na wadogo zake anawasomesha yeye. Hajawahi kuniomba hata senti.

Nilidhani baba atamkataa. Badala yake kasema atatupa nyumba, na mwenzangu aache useremala akawe msimamizi kwenye kampuni yake. Mwenzangu kashukuru kwa adabu, kisha kakataa vyote viwili. Anataka tuanze na vyumba viwili vya kupanga. Baba anaona kadharauliwa, mama anasema mwanaume wa namna hiyo atanitesa kwa kiburi chake. Mwenzangu kaniambia, "Siku tukigombana, kwenye nyumba ile mimi nitakuwa mgeni." Nampenda sana na wazazi wangu nawaheshimu. Naombeni ushauri.

Mama Wawili: Pole mdogo wangu. Muulize kama atakubali wewe uchangie kodi na matumizi kwa mshahara wako. Akikubali mchango wako akakataa wa baba, anailinda ndoa yenu. Akikataa hata wako, basi msikilize mama.

Mzee wa Busara: Mimi naona anakosea nusu. Nimekulia kwenye shida. Kuna usiku mtoto anaumwa na ndani hakuna kitu, hapo heshima haisaidii. Lakini nyumba na kazi ni mambo mawili tofauti, msiyajibu kwa pamoja. Kazi namuunga mkono aikatae, maana mkwe akiwa bosi hata likizo mtaiombea sebuleni. Kuhusu nyumba, hati itakuwa kwa jina la nani? Ikibaki kwa jina la baba, hajawapa kitu, kawakaribisha tu.

Nuru: Kuna yule binti wa ukoo wa kifalme wa Japani, Mako. Aliolewa na raia wa kawaida mwaka 2021, na kwa sheria yao akatoka kwenye ukoo. Fedha ambazo serikali humpa binti anayeondoka hivyo, alizikataa. Na harusi ilikuwa imeahirishwa tangu 2018, baada ya mgogoro wa pesa wa mama mkwe wake kujadiliwa nchi nzima. Kwa hiyo dada, zungumzeni na upande wake pia. Hao wadogo zake watasomeshwa na nani mkishaoana? Hilo mkilinyamazia, litawagombanisha kabla ya nyumba.

Mleta uzi: Asanteni sana. Mama Wawili, kuchangia kodi tulishakubaliana, tena yeye ndiye aliyelianzisha. Mzee, suala la hati sikuliwaza kabisa. Ada za wadogo zake nitazungumza naye wiki hii. Ila kwa baba naendaje bila kumvunja moyo?

Mama Wawili: Nendeni wawili, asiachwe akaonekana ndiye mkatazaji. Na wewe ndiye uzungumze.