Mafunzo ya kilimo ughaibuni: shule, au kibarua kilichovishwa joho?

Mche Mchanga: Wakuu, salaam. Nimepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa Marekani, miezi 12, viza ya J-1, ile ya mipango ya kubadilishana. Mjomba anasema nikienda nimejipeleka kibarua kwa jina la "kubadilishana utamaduni". Ni kweli? Nina siku nne za kusaini.

Bwana Shauri: Msikilize mjomba. Tazama Japani: mwaka 1993 walianzisha mpango wa wanagenzi, eti kuhamishia ujuzi nchi zinazoendelea. Vijana wakaishia kuvuna kabichi, na kuhama mwajiri marufuku hata akikufokea kutwa. Wametoroka maelfu kwa maelfu. Mwaka 2024 bunge lao wenyewe likapitisha sheria ya kuuondoa. Huko Marekani nako utakaa miezi 18, si 12. Halafu kukamua ng'ombe kunahitaji elimu gani? Mashine inakamua, wewe unapanga foleni.

Dada Maziwa: "Unapanga foleni." Kaka Shauri, wewe ng'ombe umemwona au umeona paketi? Nimekaa shamba la ng'ombe mia tatu mwaka mzima. Saa kumi alfajiri uko chumba cha kukamulia. Unachovya chuchu kwenye dawa, unakamua mikamuo mitatu ya kwanza kwa mkono ndani ya kikombe cheusi, unatazama kama kuna mabonge. Yapo? Huyo ana ugonjwa wa kiwele, maziwa yake yasiguse tangi. Unafuta, ndipo unavisha mashine. Ukimsahau mmoja aliyedungwa antibayotiki, tangi zima linamwagwa na wewe ndiye unayetazamwa. Foleni!

Bwana Shauri: Dada, umenieleza hatua tano. Hatua tano anajifunza mtu siku mbili. Miezi kumi na moja na ushee iliyobaki ulikuwa unasoma nini?

Mkamuaji Mstaafu: Naomba kuuliza kitu kidogo. Ulifuta kwa kitambaa kimoja kwa ng'ombe wangapi?

Dada Maziwa: Kitambaa kimoja, ng'ombe mmoja. Ulidhani?

Mkamuaji Mstaafu: Nauliza tu. Wengi wanapita na kitambaa kimoja safu nzima halafu wanashangaa ugonjwa wa kiwele unaenea. Na dawa ni baada ya kukamua, si kabla.

Dada Maziwa: Kabla NA baada, mzee wangu. Baada ndiyo muhimu zaidi maana tundu la chuchu bado liko wazi. Ndiyo maana akitoka anapewa majani asimame, asilale kwenye uchafu. Hayo nayo ni siku mbili, Bwana Shauri?

Kopo la Bati: Nyie endeleeni na chuchu. Mimi nilipelekwa shamba la nguruwe, na utamaduni nilibadilishana na nguruwe. Mwenye shamba alikuwa na maneno mawili tu, "haraka" na "kesho". Haraka ilikuwa ya kazi, kesho ilikuwa ya darasa.

Msoma Fomu: Turekebishane. Miezi 18 ni kwa wanagenzi wa fani nyingine. Kilimo ni 12, isipokuwa ikiongezwa miezi 6 ya darasani. Na sheria yenyewe ya mpango huu wa J-1 ni ya 1961, aliyesaini ni Rais Kennedy, jina lake limebeba elimu na utamaduni, hakuna neno vibarua. Mche, una karatasi inaitwa DS-7002. Humo imeandikwa awamu kwa awamu utafundishwa nini na nani anakusimamia, na mnasaini wote: wewe, mwenye shamba na shirika linalokudhamini. Isome. Kama awamu zote zimeandikwa "kukamua", mjomba kapatia.

Kopo la Bati: Yangu iliandikwa vizuri sana. Lishe, uzazi, kumbukumbu za shamba. Kumbukumbu nilizoziona ni za zamu yangu.

Msoma Fomu: Sasa kwa nini hukuliambia shirika?

Kopo la Bati: Kwa sababu viza yangu ilikuwa mikononi mwao, na shamba ndilo lililokuwa linanilaza. Ukigombana na anayekupa kitanda unalala wapi, mkuu? Haya maswali ya mtu aliye nyumbani.

Bwana Shauri: Umeona! Ndicho nilichosema tangu mwanzo.

Dada Maziwa: Hujasema hicho hata mara moja. Ulisema foleni.

Mbegu Asili: Mbona hamtaji WWOOF? Ilianza Uingereza 1971, watu wa mjini kwenda shamba la kilimo hai mwisho wa juma. Hakuna mshahara, unapewa chakula na kitanda, mnakula meza moja na wenyeji. Huo ndio utamaduni.

Bwana Shauri: Yaani dawa ya kibarua cha bei poa ni kibarua cha bure. Asante.

Mbegu Asili: Kula mezani kwanza, hukumu baadaye. Wewe mtu hujawahi kukaribishwa popote?

Mche Mchanga: Jamani. Nimeifungua hiyo DS-7002. Awamu ya kwanza kukamua, ya pili kulea ndama, ya tatu "shughuli nyingine za shamba". Ya tatu ina miezi mitano. Nisaini?

Msoma Fomu: Waandikie leo hii, waulize "nyingine" ni zipi. Jibu liwe la maandishi.

Mkamuaji Mstaafu: Na kwenye ndama waulize dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, wanawapa saa ngapi baada ya kuzaliwa. Shamba likikujibu "kesho", usiende.

Dada Maziwa: Hapo mzee nakuunga mkono. Ila la dawa bado hatujamaliza.